Picha Thelathini na Sita za Rimma

Alhamisi, 13 Februari

Basi kumbe na yeye ana kamera! Andika, Klava mdogo wangu, wewe ndiye mwenye kusoma na kuandika. Andika kwa herufi kubwa. Rimma Arkadyevna wa ghorofa ya tatu, ambaye mjukuu wake Stefania anateleza barafuni na Uliana wetu, kanunua kamera wiki hii. Ya nini? Kamuulize. Nilimuuliza mimi. Kacheka tu, eti anataka kumbukumbu. Kumbukumbu gani, mwanamke aliyesahau sufuria yangu tangu Pasaka?

Mimi kamera yangu ina sababu. Ni ya marehemu mume wangu, ya mkanda wa picha thelathini na sita, lenzi ndefu kama mkono. Uliana kaniomba: Bibi, Jumamosi nitaruka mizunguko miwili na nusu, nipige nikiwa hewani, tumpelekee baba. Gleb wangu yuko migodini kaskazini, mwaka wa pili huu, hajamwona mtoto wake akiruka hata mara moja. Nikaapa.

Lakini Rimma nitamchunga. Stefania kila mara anapewa alama nyingi. Bure bure tu?

Jumamosi, 15 Februari

Ukumbini baridi, soksi jozi tatu. Rimma kaketi upande wa waamuzi. Aha! Mimi nikahamia ng'ambo, uso kwa uso naye, barafu katikati. Kashika kofia: nikampiga picha. Kamimina chai: nikampiga. Kapenga kamasi kuelekea kwa waamuzi. Ishara hiyo! Nikampiga mara mbili.

Uliana kaingia, gauni jeupe, mwembamba kama mshumaa. Nikabakiza picha moja, ya Gleb. Mara Rimma kainua kamera yake, kanielekezea mimi! Ningefanyaje? Nikabonyeza. Hapo hapo ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Nikauliza jirani kuna nini. Kaniambia, mama, yule binti karuka vizuri ajabu. Yupi? Wenu!

Watu wakarusha midoli barafuni. Rimma karusha dubu mkubwa, kwa Uliana. Kwa nini kwa Uliana? Nyumbani nikampasua dubu huyo tumbo. Pamba. Nikapasua na kichwa. Pamba. Uliana kalia. Nikamshona dubu, ila kichwa kimegeukia mgongoni.

Jumatano, 19 Februari

Picha zimesafishwa. Fundi kaniuliza kama huyu ni dada yangu, nampenda sana inaonekana. Mshenzi. Rimma na kofia. Rimma anatafuna. Rimma anapiga miayo. Ya mwisho kaiharibu kabisa: doa jeupe limemziba Rimma mzima. Nikamgombeza fundi mpaka wateja wakatoka. Hiyo nikaichana hapo hapo.

Uliana kazipitia zote, mara mbili. Kisha kauliza: Bibi, sasa baba nitampelekea nini? Nikamwonyesha moja, chini ya kiwiko cha Rimma kuna kiatu. Nikasema, mguu wako huo, mwanangu. Kasema: huo wa Stefania, bibi. Kaingia chumbani na yule dubu wake wa kichwa nyuma.

Sikula. Klava, hilo usiandike.

Ijumaa, 21 Februari

Rimma kaleta bahasha. Nikainusa kwanza. Ndani picha: Uliana hewani! Mikono kifuani, nywele zimesimama, barafu iko chini kabisa. Nyuma ya picha Klava kasoma: Kwa Gleb, binti yako siku ile. Uliana karukaruka mpaka vikombe vikalia. Kakimbia posta bila skafu.

Nashukuru, sikatai. Lakini kamjuaje Gleb? Nani kamwambia? Klava anasema mimi, kila siku kwenye ngazi. Na tena, kabla haijaenda posta niliitazama vizuri. Nyuma ya Uliana, kwenye viti, kuna kikongwe kajificha nyuma ya kamera, kaielekeza kwa Rimma. Jasusi! Klava akasema: Dada, huyo ni wewe. Na Uliana kapita katikati yenu, mweupe hivyo. Lile doa ulilolichana...

Nikamwambia aandike, asiongee.

Doa ni doa. Jambo lenyewe ni hili: Rimma kanipiga picha bila idhini yangu! Ndiyo maana kanunua kamera. Mashindano mengine ni Machi. Nitachukua mikanda miwili, mmoja wa mtoto, mmoja wa... hapana, mitatu.

Nani huyo anayepiga kelele ngazini? Rimma! Ananiita mimi, eti Agrafena Petrovna, shuka, mkate wa kabichi umeiva, unapoa. Kabichi, siku ya Ijumaa? Anataka nini huyu?

Naja, Rimma, naja! Klava, funga daftari. Nipe kamera.