Mkweche wa Bi Sobczak

Kila Agosti, Detroit nzima inapotoa magari yake ya kale na kuyatembeza barabara ya Woodward, Lucius Pettaway hubeba kiti cha kukunja na kwenda kukaa kando ya njia. Watu wote hutazama magari. Yeye hutazama wajane.

Alikwisha gundua kwamba mwanamke mtu mzima akiona gari fulani linapita, halafu akachomoa leso, basi huko kwake lipo jingine limefunikwa blanketi, na aliyejua thamani yake kazikwa. Hapo Lucius hukunja kiti, akafunga tai, akawa shemasi. Ushemasi huo hakupewa na kanisa lolote. Alijipa mwenyewe mbele ya kioo, na hakuona haja ya kuwasumbua maaskofu.

Kazi ya Shemasi Pettaway ilikuwa ya huruma tupu: kumwondolea mjane mkweche uliomjazia banda na kumwachia dola mia nne za kununulia maua ya kaburi. Wiki ya pili mkweche huohuo ulikuwa Chicago, umeuzwa kwa elfu kumi. Na ili watoto wa marehemu wasije wakarudi na mawakili, kila mjane alitia sahihi karatasi aliyoitunga Lucius kwa mkono wake: gari hili ni chuma chakavu, halina thamani, pande zote mbili zinajua hivyo, na hakuna atakayerudi kudai kitu. Karatasi ile aliipenda sana. Usiku mwingine aliisoma mwenyewe kabla ya kulala, akitabasamu.

Lakini pesa za ujanja huja mbio na kuondoka mbio. Farasi wa kamari walikula, talaka mbili zikala, na baada ya miaka ishirini Lucius alibakiwa na elfu thelathini. Hizo hakuzigusa, maana zilikuwa za kununulia Packard, gari la kifahari la Detroit ambalo halitengenezwi tena.

Baba yake alifunga milango ya Packard kiwandani kwa miaka kumi na moja, na kila jioni alirudi nyumbani kwa basi. Alikufa hajawahi kukalia kiti cha gari alilolitengeneza. Lucius alimwahidi pale kitandani hospitali kwamba yeye atakalia kwa niaba yao wawili, na pengine hiyo ndiyo ahadi pekee maishani mwake aliyoitoa bila kutega kitu nyuma yake. Bajeti aliipanga vizuri: elfu ishirini za kununua, elfu kumi za matengenezo. Wateja wake aliwahubiria hivyo siku zote, kwamba gari la kale si wewe unayelila; ukishalinunua ndipo linapoanza kukula. Shida ni kwamba Packard aliyoitaka, ile ya mwaka hamsini na sita yenye turubai la kukunja na rangi tatu, haikupatikana kwa elfu ishirini. Haikupatikana hata kwa themanini.

Basi Agosti hiyo ikapita moja, nyeupe juu, buluu katikati, kijivu chini, na hatua tatu kutoka kwenye kiti chake bibi mmoja mfupi, mwenye pini za kushonea zimechomekwa ukosini, akavuta leso.

Lucius alimpisha kwenye kiti. Alimletea maji baridi. Alimpa pole kabla hajaambiwa kilichotokea. Bibi akajitambulisha kuwa Genowefa Sobczak wa Hamtramck, mji mdogo uliozungukwa na Detroit, akasema marehemu mumewe, Kazimierz, aliacha moja kama ile ile bandani. Lucius aliomba anwani, akaiandika kiganjani.

Kesho yake alifika Hamtramck na tai yake. Bi Sobczak alimlisha maandazi ya jamu hadi akafungua kifungo cha suruali, ndipo akampeleka bandani na kuvuta blanketi. Rangi tatu zikang'aa. Jina la Packard liko kifuani mwa gari, herufi zote zimo.

"Ni mkweche tu, mwanangu," Bi Sobczak alisema. "Kazimierz alikuwa anauchezea Jumapili ili asinisumbue jikoni. Hauna thamani."

"Kweli, mama," Lucius alisema. "Ni mkweche."

Mfukoni alikuwa na sumaku ndogo iliyofungwa kwenye leso. Kila mnunuzi wa magari ya kale anayo. Unaipitisha mlangoni na kwenye matako ya gari: penye chuma itang'ang'ania, penye puti iliyopakwa kuziba uozo itaanguka. Wateja wake aliwaambia kwamba anayenunua bila sumaku kanunua mbuzi kwenye gunia. Lakini fikiria mwenyewe: shemasi aliyekuja kuondoa takataka anaipimia nini takataka? Akiitoa tu ile sumaku, bibi atajua kwamba mkweche una maana. Kwa hiyo mkono ukabaki mfukoni, ukiikamata sumaku hadi ikapata joto.

Hapo Bi Sobczak akaona vumbi. Aliinua takia la kiti cha mbele, akalipiga makofi mawili na kuligeuza. Upande mmoja ngozi, upande wa pili kitambaa cha maua. Lucius aliinamia kamba ya kiatu isiyokuwa imefunguka. Viti vya kugeuza namna hiyo alivijua. Vilikuwa vya Packard ya aina ile, na baba yake alimsimulia habari zake mara mia. Akili zote za mjini zikamtoka kwa pamoja.

"Kuna mtu wa Ohio," Bi Sobczak aliendelea, akipangusa mikono. "Anasema atanipa elfu ishirini na tano. Atakuja Jumamosi. Mimi siyajui mambo haya, nikasema ngoja kwanza nimuulize mtu wa Mungu."

Mtu wa Mungu alinyoosha tai. Akaeleza kwa upole kwamba huyo wa Ohio ni tapeli, kwamba dunia imeharibika, kwamba watu siku hizi hawawaonei haya hata wajane. Alilisema hilo la mwisho kwa uchungu wa kweli.

"Kwa hiyo nimkatalie?"

"Mkatalie leo hii, mama."

Bi Sobczak aliguna. Kisha akatazama chini na kusema kwamba ni lile paa tu. Paa la nyumba lilikuwa elfu ishirini na nane, na tangu aambiwe bei hiyo usingizi ulimhama.

Lucius alijikuta kwenye mtego ambao hakuna aliyemtegea ila yeye mwenyewe. Angekuwa mnunuzi, angevuta bei: ningekupa kumi, nitakupa kumi na mbili. Lakini yeye hakuwa mnunuzi, alikuwa shemasi, na sadaka haipunguzwi bei. Alipiga hesabu upesi. Gari la laki moja kwa ishirini na nane bado ni mteremko. Zinabaki elfu mbili za matengenezo, na kwani gari linalong'aa hivi litatengenezwa nini? Akasahau hubiri lake lote.

"Kanisa," alisema, "litakulipia paa. Na ili usitaabike, mkweche nitakuondolea."

Bi Sobczak alilia kidogo. Adhuhuri Lucius alirudi na bahasha pamoja na karatasi yake. Bibi aliisoma mara mbili, akifuata mstari kwa kidole, akaomba watie sahihi nakala mbili ili moja abaki nayo. Lucius aliona ni jambo zuri, mjane makini namna hiyo.

Lori la kuvuta liliipeleka Packard kwa Dewitt, fundi wa bodi aliyekuwa rafiki yake tangu shule. Dewitt alizunguka gari mara moja, akachukua sumaku kutoka mkononi mwa Lucius na kuiweka mlangoni. Ikaanguka. Akaiweka kwenye boneti, ikaanguka. Alijaribu tako la kushoto, tako la kulia, hata pale kwenye jina. Kila mara aliinama kuiokota.

"Lucius," alisema hatimaye, akikwangua kwa ukucha, "hii siyo puti. Hii ni plasta ya ukutani. Ndani kuna kigari cha bei ya chee, na aliyekipaka alikuwa fundi hodari wa nyumba. Wewe hukupima?"

Lucius alisema asingeweza kupima.

"Kwa nini?"

Lucius aliona maelezo yenyewe yatakavyosikika, akavua tai.

Alirudi Hamtramck bila tai. Bi Sobczak alikuwa barazani anashona, na pembeni yake ameketi mwanamke mwingine ambaye Lucius alimtambua polepole, kama mtu anayekumbuka deni. Alikuwa Bi Halina, mjane aliyemuuzia gari aina ya Lincoln miaka mitatu iliyopita. Dola mia nne, na maua ya kaburi.

"Nilikuambia ni mkweche," Bi Sobczak alisema bila kuinua macho. "Nilikuambia Kazimierz aliuchezea. Maskini, alipiga plasta nyumba za watu miaka arobaini, na hiyo ndiyo Packard aliyoimudu. Matakia nilimshonea mimi. Uongo wangu ni mmoja tu, huyo mtu wa Ohio, nao nitauungama kanisani Jumamosi."

"Na paa?"

Bi Sobczak alielekeza sindano juu. Lucius aliinua uso. Mara mbili alikuwa amefika nyumba ile asione kitu ila banda. Paa lilikuwa jipya kabisa, jekundu, hata mvua moja halijaiona.

"Lilikuwa elfu ishirini na nane," bibi alisema. "Nusu ya pesa zako ni yangu. Nusu ni ya Halina, kwa Lincoln yake na kwa kunionyesha kiti chako pale Woodward."

Lucius alifikiria polisi, kisha akaifikiria karatasi. Chuma chakavu, pande zote mbili zinajua hivyo, hakuna atakayerudi kudai kitu. Mwandiko ulikuwa wake, na ulikuwa mzuri. Alicheka. Hakutaka, lakini alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza, na machozi yakamlengalenga, na hayakuwa yote ya kicheko. Alimwambia Bi Sobczak kuhusu baba yake na basi la jioni, bila kutaka chochote. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mjane jambo la kweli, na hakujua aweke wapi mikono.

Bi Sobczak alikata uzi kwa meno. "Takia litunze vizuri," alisema. "Nililikata nikitazama la kweli, inchi kwa inchi. Likichakaa niletee. Sikutozi."

Agosti iliyofuata Lucius alikuwa Woodward tena, kando ya njia, juu ya kiti cha kukunja chenye takia la ngozi upande mmoja na maua upande wa pili. Hakuna aliyekalia kiti ghali kuliko chake barabara nzima. Kijana mmoja mwenye pesa mpya alisimama kumuuliza, maana aliambiwa mzee huyu anajua: mtu akitaka kununua gari la kifahari la zamani, aanze kutazama nini kwanza? Tairi? Injini?

Lucius aligeuza takia, upande wa maua ukaja juu, akakaa.

"Paa la nyumba ya anayeuza," alisema.