Kamati ya Ubora wa Mawe ya Figo

Kwa heshima na taadhima, Kamati ya Ubora wa Mawe ya Figo inapenda kuutangazia umma wa Tukuyu na vijiji vyake kwamba majibu ya maabara yetu ni bora kwa asilimia mia moja. Mimi ndiye Katibu. Naandika haya kwa sababu kuna maneno yanatembea mitaani, hasa kwa bodaboda wa Isongole, ambao wakikosa abiria huwa hawakosi habari.

Kwa asiyejua: jiwe la figo likishamtoka mgonjwa, hupelekwa maabara lichunguzwe limetengenezwa na nini. Ukijua hilo, unajua aache kula nini ili lisirudi. Zamani mawe yetu yalipelekwa Mbeya. Mwenyekiti wetu, Bwana Ezron, akasema ni aibu kwa wilaya yenye milima yote hii kusafirisha mawe. Akatafuta mashine, ikaja.

Siku ya uzinduzi, kwa bahati mbaya, hapakuwa na mgonjwa aliyejaliwa jiwe. Mgeni rasmi ameshafika, kwaya imeshaimba, pilau linapoa. Mwenyekiti akainama pale maegesho ya magari, akaokota kokoto, akaipangusa kwa leso na kuitumbukiza. Mashine ikaguna, ikatoa jibu: oksaleti. Mgonjwa apunguze chai, mchicha na karanga.

Tukapiga makofi.

Mtaalamu wetu wa maabara, dada mmoja aitwaye Atupakisye, akamsogelea Mwenyekiti. "Mheshimiwa, ile ilikuwa kokoto."

"Najua. Si nimeiokota mwenyewe?"

"Sasa mashine imesema ni jiwe la figo."

"Imesema kwa adabu. Ulitaka iniumbue mbele ya mgeni rasmi?"

Atupakisye akaeleza kwamba kabla ya kupima mawe ya watu, mashine inatakiwa ipewe kwanza jiwe ambalo jibu lake linajulikana, ili ionekane kama inasema kweli. Mwenyekiti alimsikiliza kwa uvumilivu wa kiongozi.

"Kwa hiyo unataka kuitega mashine ya umma," akasema.

Kamati ikakaa, ikatoa tafsiri rasmi: ubora ni jibu kutobadilikabadilika. Kwa kigezo hicho mashine yetu haina mpinzani. Jiwe la mwalimu wa Kiwira, oksaleti. La mchungaji, oksaleti. La mama muuza ndizi, oksaleti hiyo hiyo. Nikabuni bango kwa mkono wangu: HAPA HATUBAGUI MAWE.

Aliyeanza kutuharibia ni Mzee Asukile wa Matwebe. Huyu amechuma chai tangu ujana wake. Tulimwambia aache kuinywa, akaacha. Baada ya miezi akarudi amejikunja, mkewe kamshika kiuno, mkononi ana kikopo chenye jiwe la pili.

"Katibu," akasema, "chai nimeacha. Mchicha nimeacha. Karanga sina hata meno ya kuzitafuna. Sasa jiwe hili limekula nini?"

"Huenda unainusa chai, mzee."

"Mwanangu, nyumba yangu iko katikati ya shamba la chai!"

"Basi chanzo kimepatikana."

Hakucheka. "Maumivu yakinishika usiku ninalia mbele ya wajukuu," akasema taratibu. "Mimi, Asukile." Kisha akaenda kukaa kwenye benchi pamoja na wenzake, mwalimu na mchungaji wakiwamo, vikopo mapajani, kusubiri oksaleti.

Hapo ndipo Mwenyekiti alipoingia. Alikuwa amevaa suti, jasho linamchuruzika, na alitupita bila salamu hadi chooni. Huko zikasikika sauti ambazo si za kiofisi. Alipotoka alikuwa ameshika kikopo. Akaegemea dirisha la maabara.

"Atupakisye, binti yangu," akanong'ona, ila mnong'ono wa mtu aliyezoea majukwaa, "hili usilitie kwenye mashine."

"Kwa nini, Mheshimiwa?"

"Hili ni la kweli. Dereva anawasha gari, lipelekwe Mbeya."

Benchi zima likageuka. Mzee Asukile akasimama, akasahau hata kujikunja.

"Na la kwangu je? Lilikuwa la maigizo?"

Nikafungua daftari la kamati kutafuta jibu lililopitishwa na kikao. Kufumba na kufumbua, mzee ameshafungua mlango wa mbele wa gari la Mwenyekiti na kuketi. Wengine wakapitisha vikopo vyao madirishani. Mwenyekiti akasafiri nyuma, kabanwa kati ya mwalimu na mchungaji, kapakata mawe ya wananchi. Dereva anasema kila walipopita tuta Mwenyekiti aliguna, na mchungaji akaitikia, "Amina."

Majibu ya Mbeya yalikosa msimamo kabisa: karibu kila jiwe na lake. La Mzee Asukile lilikuwa asidi ya yuriki. Akapewa dawa, akaambiwa anywe maji mengi na chai yake arudie. Mpaka leo analala usingizi, na mkewe alipita ofisini kutushukuru kwa "ndaga fijo", yaani asante sana ya Kinyakyusa, iliyokuwa na tabasamu nisiloliamini. La Mwenyekiti lilikuwa la aina ile ile. Yeye akaambiwa aache nyama, kwani ndiyo inayoyalea mawe ya aina hiyo.

Mwenyekiti akaitisha kikao cha dharura. "Nyama haijawahi kunikosea," alisema kwa uchungu. Tukapiga kura, na kwa kauli moja tukapitisha kwamba jiwe lake ni oksaleti.

Jioni hiyo akatupeleka Kiwira kwa Amoni, mchoma nyama, kusherehekea. Sahani ya pili haijafika, akashika ubavu, akateleza taratibu hadi chini ya meza. Kutoka huko tukamsikia akilia, "Niitieni Atupakisye!"

Amoni akasimama na kisu chake, akachungulia chini, akanigeukia. "Katibu, huyu vipi?"

Nikamfahamisha kwamba uamuzi wa kamati ulikuwa bado haujalifikia jiwe.