Toleo Jipya Lafika Kimbo

Jumatatu, 2 Juni 2025
Saiba yetu, duka la intaneti hapa Kimbo, ina kompyuta tisa, zote za Linux, ule mfumo wa bure ambao fundi yeyote duniani anaruhusiwa kuufungua na kuuboresha. Fundi wa Kimbo ni mimi. Leo limetoka toleo jipya la ile sehemu inayoamsha mashine. Maluki, mwenzangu wa kazi, anasema tungoje miezi sita, wengine waumie kwanza. Miezi sita! Huyu huvaa sweta hata Januari.

Jumanne, 3 Juni
Nimemweleza Carolyne, mwenye saiba, kwamba tumebaki nyuma. Akauliza kama printa itachapa haraka zaidi. Nikasema printa ni jambo dogo. Akaniambia nisiguse mashine zake mpaka wiki ijayo, watu wanatuma maombi ya vyuo. Mashine zake, kwa wingi. Nimegusa moja tu. Imewaka kwa sekunde nane badala ya arobaini! Nimeipigia saluti.

Jumatano, 4 Juni
Carolyne kaenda Thika kununua karatasi. Asubuhi hiyo hiyo limetoka toleo jipya zaidi la lile toleo jipya. Ishara kabisa! Nikaziwekea zote tisa.

Saa nne, skrini tisa nyeusi.

Naliaka, msichana wa jirani, alikuwa amebakisha ukurasa mmoja wa fomu ya uuguzi. Mwisho ni leo, saa kumi na moja. Mwaka jana alichelewa.

“Muoki, fomu yangu iko wapi?”

Nikamwambia iko salama, ila haionekani. Akaketi chini sakafuni. Hapo masikio yalinichoma, nakiri.

Nilipambana hadi saa tisa. Maluki hakunicheka. Alipanda boda hadi kwake, akarudi na laptopu yake kuukuu yenye toleo la mwaka juzi, yeye na Naliaka wakaanza fomu upya. Ilienda zikiwa zimebaki dakika sita. Naliaka akalia, akamkumbatia Maluki. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai cha Maluki.

Alhamisi, 5 Juni
Maluki amerudisha mfumo wa zamani kwenye mashine zote. Carolyne amempa yeye nywila. Mimi nimepewa kulaminisha vyeti, yaani kuvivisha plastiki. Amesema nikigusa kompyuta tena, itakuwa ya kwetu nyumbani.

Jumamosi, 7 Juni
Naliaka amekuja kumshukuru Maluki. Sijaona wivu. Nani alimpa Maluki nafasi ya kuwa shujaa? Mageuzi yana wenyewe, nasi hatutafuti sifa.

Mchana Carolyne ameniachia simu yake niichaji, akaenda kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Nimeichungulia. Toleo la miaka mitatu iliyopita! Maskini mama wa watu, na hakuna aliyemwambia.

Betri ina asilimia nne, lakini iko kwenye chaja. Nimebonyeza “Sasisha”. Atafurahi sana.

Stima imepotea.