Kibali cha Kuusimamisha Mto

Siku ya kumi na nne ya mwezi wa sita, mwaka wa tisa wa utawala wa Changshun. Mvua ilikuwa inanyesha siku ya tatu mfululizo, mawingu yamelala juu ya mapaa, na maji ya Mto Qingtuo yamefika alama ya nne kwenye jiwe la ukingo. Ilikuwa asubuhi nzuri sana kwa tangazo.

Tangazo lilibandikwa kwenye lango la Ofisi ya Kuratibu Maandishi Yenye Nguvu, wilaya ya Heqiao. Lilisema kwamba, katika jitihada za kuboresha huduma, kuanzia siku hiyo hakuna askari wa Kikosi cha Wino atakayeandika neno lolote lenye nguvu, liwe la kuzima moto, kufukuza nzige au kusimamisha mto, kabla ya kupata kibali. Kibali kitatolewa dirishani, kwa mwombaji kufika mwenyewe na kujaza fomu yenye sehemu kumi na mbili. Mvua ililifuta tangazo la kwanza, ikalifuta la pili. La tatu Karani Dou Minzhi alisimama pembeni akalishikia mwavuli, mwenyewe akalowa mpaka soksi, na hakuona ajabu yoyote katika hilo. Karatasi ilikuwa ya serikali, na soksi zilikuwa zake.

Inafaa ieleweke kwamba Kikosi cha Wino kilikuwa kimelinda nchi miaka mia tatu bila upanga hata mmoja. Askari wake hubeba brashi mgongoni na kibuyu cha wino mwekundu kiunoni. Neno wakiliandika kwa moyo mmoja, linakuwa. Waliandika "zimika" kwenye ukuta wa ghala na moto ukazimika. Waliandika "rudini" kwenye mchanga wa mpakani, na wapanda farasi elfu mbili wa kaskazini wakageuza wakarudi kwao, wengine wakiulizana njiani ni nini hasa walichokuwa wamekifuata. Tatizo, kama Mheshimiwa Kamishna Gongsun Bolin alivyolieleza kwenye semina ya siku nne, ni kwamba katika miaka yote hiyo mia tatu hakuna hata nakala moja iliyohifadhiwa ofisini.

Dou alilia kidogo kwenye ile semina. Alikuwa amejifunza kusoma akiwa na miaka thelathini na moja, kwenye darasa la jioni nyuma ya hekalu, akikaa benchi moja na wachuuzi wa mboga. Mtu aliyeipata karatasi kwa shida namna hiyo huiheshimu. Alivijua vifungu vyote vya kanuni mpya kwa moyo, vile themanini na sita, na usiku alikuwa akivisema kabla ya kulala, baada ya sala.

Mama yake alikaa Mtaa wa Bata. Huo ni mtaa wa nyumba mia tatu, chini kabisa ya ukingo, na mto ukivuka jiwe, mtaa ndio wa kwanza kuondoka. Jana yake Dou alikuwa amemsihi mama ahamie mlimani kwa siku chache. Bibi Dou alimjibu kwamba bata wake hawapendi kupanda milima, na kwamba kila mwaka mto hupanda, kila mwaka Kikosi huja kuandika, kila mwaka yeye huwapelekea mayai ya chumvi, na sasa kuna jipya gani? Dou alitaka kumweleza jipya lililopo. Halafu akaona ni refu mno.

Saa tatu asubuhi Kamanda Qiu Sanniang alifika dirishani. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mfupi, matope mpaka magotini, na nyuma yake askari wawili wenye sura za watu ambao hawajalala.

"Bwana Karani, maji yako alama ya nne," alisema. "Ya tano ndiyo ya mwisho. Nimeambiwa nije kwako kwanza."

"Karibu sana, Kamanda. Umekuja na kitambulisho?"

"Minzhi. Mimi ndiye niliyeandika 'pona' kwenye tumbo lako ulipokuwa mtoto wa wiki mbili, mama yako ameshakata tamaa."

"Hiyo ni sehemu ya saba, uzoefu wa kazi," alisema Dou kwa upole, akampa fomu.

Kamanda alijaza. Sehemu ya tisa ilitaka mfano wa maandishi yanayokusudiwa, nakala tatu, kwa mkono wa mwandishi. Alimuuliza Dou kama ana hakika, kwa sababu neno likiandikwa kwa moyo hufanya kazi hapo hapo lilipo. Dou alimwonyesha kifungu. Basi Kamanda akafumba macho, midomo ikacheza kwa dua fupi, akaandika mara tatu: simama, simama, simama.

Ofisi nzima ikasimama. Makarani walisimama na mihuri mikononi, foleni ikasimama, chai iliyokuwa ikimiminwa ikasimama kati ya birika na kikombe. Hali hiyo ilidumu muda wa kijiti kizima cha ubani kuungua, na hakuna aliyeitambua. Mzee mmoja aliyekuwa amekuja kufuatilia ombi la mwaka juzi alisema baadaye kwamba siku hiyo huduma ilikuwa ya kawaida.

Fomu ilipelekwa ndani kwa Kamishna, Dou na Kamanda wakaifuata. Gongsun Bolin alikuwa mtu mnene, mwenye sauti nzuri, aliyependa kutaja kwamba ukoo wao ulikuwa wa wasomi tangu enzi na enzi. Aliisoma fomu mara mbili, akavua miwani.

"Haiwezekani," alisema. "Hili neno ni la utovu wa nidhamu."

Akaeleza, na Dou alipoyasikia maelezo alishangaa kwamba hayakuwahi kumjia yeye. Mto Qingtuo ulikuwa umetunukiwa cheo na babu wa mfalme, kama ilivyofanyika kwa mito yote mikubwa. Ulikuwa Mtukufu wa Daraja la Tatu, ukiwa na kofia yake na mkanda wake ndani ya hekalu. Kamishna alikuwa daraja la saba. Kamanda hakuwa na daraja lolote. Sasa, mtu asiye na daraja anamwambiaje Mtukufu wa Daraja la Tatu "simama", kama anayemwita mbuzi?

"Miaka yote tunaandika hivyo hivyo, Mheshimiwa," alisema Kamanda Qiu. "Hajawahi kukasirika."

"Hajawahi kulalamika kwa maandishi," alisema Kamishna. "Hilo ni jambo jingine."

Akaandaa maneno mwenyewe. Yalimchukua mpaka karibu na adhuhuri, kwa sababu kila sentensi alikuwa akiisoma kwa sauti kisha anakunywa chai. Kamanda alisubiri kwenye benchi. Mara mbili askari aliingia kumnong'oneza, na mara zote mbili alichosema kilikuwa kipimo: vidole vinne chini ya alama ya tano, vidole vitatu. Dou alivisikia vyote viwili. Akaangalia fomu yake, akaona hakuna sehemu ya kuandika vidole.

Mwishowe walitoka wote kwenda ukingoni, Kamishna mbele chini ya mwavuli wa rangi ya zambarau, Dou nyuma akiwa amekumbatia kasha la mihuri. Watu wa Mtaa wa Bata walikuwa wamepanda ukingoni kutazama. Bibi Dou alikuwa mbele yao na kikapu cha mayai.

Kamanda aliandika kwa hati safi, kwenye karatasi ya manjano, maneno ya Kamishna bila kupunguza hata moja: Kwa heshima na taadhima, Mtukufu Mto Qingtuo anaombwa kuangalia uwezekano wa kupunguza mwendo wa maji yake, kwa kadiri hali itakavyoruhusu, na kutoa taarifa ifikapo kiangazi. Akaibandika karatasi kwenye jiwe, mahali panapobandikwa neno kila mwaka. Chini aliacha wazi.

"Jina linakwenda wapi?" aliuliza Kamishna.

"Sisi hatuweki jina, Mheshimiwa. Jina likikaa chini ya neno, mwenye jina anakaa na neno lake mpaka litimie. Ndiyo maana tunaacha wazi."

"Kamanda, hati isiyo na jina siyo hati."

"Nakushauri usiweke."

"Karani, andika kwamba maoni yamepokelewa."

Dou akaandika kwamba maoni yamepokelewa. Kamishna akachukua brashi ya Kamanda, akaichovya kwenye wino ule ule mwekundu, akaandika jina lake lote pamoja na cheo, kwa mikunjo mizuri, akagonga muhuri juu yake.

Mto ulisoma. Watu waliokuwepo wote waliona. Maji yalipunguza mwendo, yakazunguka mahali pamoja polepole, kama mtu anayejikuna kidevu. Mto uliangalia uwezekano. Kisha ukaendelea kupanda, kwa sababu hali haikuruhusu.

"Ni mwanzo mzuri," alisema Kamishna, akageuka arudi ofisini. Miguu haikugeuka. Ilikuwa imezama kwenye udongo wa ukingo mpaka vifundoni. Alivuta mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Alimwamuru Dou amvute, Dou akavuta, na kilichotoka kilikuwa mkono wa joho.

"Taarifa ni kiangazi," alisema Kamanda Qiu, hana furaha wala huzuni. "Ndivyo ilivyoandikwa."

Vidole viwili chini ya alama.

Kamishna akaamuru karatasi ibanduliwe. Askari wawili wa Kikosi wakajaribu kwa kucha na kwa kisu. Ilikuwa imeshikana na jiwe. Akaamuru neno "simama" liandikwe pembeni yake. Kamanda alisema angeliandika hata bila kibali, na viboko vyake angevipokea kesho, lakini jiwe halibebi maneno mawili. Lile la kwanza litoke kwanza, na halitoki wakati mwenye jina yuko chini yake.

"Basi nalifuta jina langu," alisema Kamishna. "Karani, kifungu."

Kwa mara ya kwanza maishani Dou hakukitaja kifungu hapo hapo. Alitazama chini ya ukingo, akaliona paa la nyumba yao lenye kigae kimoja cha buluu ambacho yeye mwenyewe alikiweka. Akajibu kwa uaminifu, kwa sababu hakujua kujibu vinginevyo.

"Kufuta jina ni kifungu cha arobaini na nne, Mheshimiwa. Ombi linapelekwa dirishani. Mwombaji anafika mwenyewe."

"Nani alitunga upuuzi huo?"

"Wewe, Mheshimiwa. Siku ya tatu ya semina. Tulipiga makofi."

Bibi Dou alikuwa amesogea karibu. Alimtazama Kamishna juu mpaka chini, hasa chini.

"Huyu si mtoto wa Gongsun wa ndoo?" aliuliza. "Yule fundi aliyekaa nyuma ya kwetu? Ndiye. Masikio ni yale yale. Baba yako alikuja kusimama hapa ukingoni kila mwaka, mwanangu, anagawa ndoo, hakumuuliza mtu jina. Minzhi, hakuna njia nyingine kwenye hivyo vitabu vyako?"

Dou alifikiri. Alivipitia vyote themanini na sita, kimoja kimoja, huku maji yakilamba nyasi za juu. Kisha akasema, taratibu kama mtu anayekanyaga barafu, kwamba kanuni zinahusu kuandika tu. Kuhusu kusema hakuna kifungu.

Kamanda Qiu akamtazama kwa mara ya kwanza kama binadamu. Akasema ni kweli, desturi ya Kikosi iko hivyo: jina lililoandikwa hukombolewa kwa ahadi ya mdomo, mbele ya mashahidi, iliyosemwa kwa moyo. Lakini iwe ya moyo.

Kamishna akajisafisha koo. Aliahidi kwa sauti yake nzuri kwamba ofisi yake italitazama suala hilo kwa jicho la pekee. Udongo ukammeza mpaka magotini.

Aliahidi kwamba hatua stahiki zitachukuliwa na kamati itaundwa. Udongo ukammeza mpaka kiunoni, mwavuli ukamponyoka, mto ukaupokea.

"Mheshimiwa," alisema Dou. "Mama yangu anakaa kule chini. Sema tu. Sema kama unavyoagiza chai."

Kidole kimoja. Kamanda Qiu alikuwa amechovya brashi, amefumba macho, midomo inacheza. Watu wote wa Mtaa wa Bata walinyamaza, na hata bata walinyamaza, isipokuwa mmoja.

Gongsun Bolin alitazama maji, akatazama kikapu cha mayai, akamtazama mwanamke aliyemkumbuka baba yake. Uso wake ukawa uso wa mtu wa kawaida, na masikio yakaonekana makubwa zaidi. Alichosema alikisema mara moja tu. Alipomaliza, udongo ulimwachia, karatasi ikaanguka kutoka kwenye jiwe kama ganda la kitunguu, brashi ya Kamanda ikapita, na maji yakasimama pale pale. Doa lake bado lipo, unywele mmoja tu chini ya alama ya tano. Dou alikuwa na karatasi na wino mkononi wakati wote huo, na hakuandika hata herufi. Lakini anayajua maneno hayo kwa moyo, na huyasema kabla ya kulala, baada ya sala, mahali pa vile vifungu:

"Mimi Bolin, mtoto wa Gongsun wa ndoo, naahidi mbele yenu nyote na mbele ya huyu mama. Mto ukipanda, Kikosi kitaandika bila kuniuliza. Na mimi nitakuja mwenyewe, kila mwaka, nisimame hapa hapa, viatu mkononi, mpaka maji yashuke."