Jiwe Nililoegemezea Simu

Leo nimeadhirika, jamaa zangu. Nimeadhirika mchana kweupe, makaburini, mbele ya ukoo mzima. Kwa wale ambao asubuhi hamkufungua simu, nakupeni khabari mwenyewe kabla hamjaipata kwa Bi Zuwena. Yeye ataitia chumvi.

Mnanijua. Mie kusoma nimesoma chuo cha Kurani kidogo, na skuli darasa la tatu basi. Tangu nihamie kutoka Unguja nimeendesha gari la maji hapa Maskati (nyumba gani Mabela haijanywa maji yangu, na mlango gani sijagombezwa kwa kuchelewa). Lakini khabari za ukoo, mie ndiye mnayeniuliza. Miaka arubaini nakuhadithieni Babu Said bin Rashid: mrefu, ndevu mpaka kifuani, sauti kama mzinga. Sijamuona. Baba yetu mwenyewe, mwanawe wa kumzaa, hakumkumbuka. Urefu ule nimempa mie.

Sasa skilizeni, msinchanganye. Baba yetu alizaliwa Unguja, akaletwa huku Oman akiwa mchanga, akalelewa huku. Alipokuwa kijana akarudi Unguja, akaoa, akatuzaa sisi, mie na dada yangu Bi Asha. Alipofariki mie natambaa. Bi Asha alikuwa na miaka minane, ndiye aliyeachiwa neno: "Kuna kaburi letu Bustan, kule Oman, lisikose msomaji." Hakuambiwa la nani, na mtoto wa miaka minane haulizi. Sote tukashika kwamba ni la Babu. La nani tena?

Bi Asha keshapindukia thamanini. Macho hayaoni, na moyo wake madaktari washausema. Mwezi uliopita kaniita kitandani.

"Nassor, nataka Babu asomewe kaburini pake kabla sijenda. Usinletee hadithi. Nletee kaburi."

Nikamwambia, hilo dogo, dada. (Kila nikisema hilo dogo, jueni pana balaa.)

Maana zipo karatasi mbili. Moja nnayo mie, ya bandari ya Mutrah, ya zamani hizo kabla hapajawa pa meli za watalii. Imeandikwa: Said bin Rashid, kashuka na mtoto mmoja mchanga. Mnaona? Kaja. Ya pili anayo Bi Zuwena, binamu yetu wa upande wa nduguye Babu. Yule ni mwalimu mstaafu, ana kompyuta ya mapajani na miwani miwili. Yake ni karatasi ya wakfu wa nyumba Unguja, na ndani yake Babu ameitwa marehemu. Tena imeandikwa mwaka mmoja kabla ya hii yangu.

"Kaka Nassor," akanambia, "karatasi yako inasema maiti kateremka melini."

"Yako imekosea."

"Ina mhuri wa kadhi."

"Yangu ina mhuri wa bandari. Kadhi alikuwapo gatini?"

Tumegombana hivo mwaka mzima. Harusi mbili tumekaa pembe mbalimbali.

Basi leo asubuhi Bi Zuwena kanipitia na gari lake, twende Bustan tukamalize. Njia nzima kafungua ubaridi mpaka magoti yangu yakalia. Tulipofika yeye akabaki garini, kwa ada yetu wanawake hawaingii makaburini. Akasema atanitazama kwenye simu. Nami kwa kiherehere changu nikafungua ile video ya kundi letu la ukoo, ili Bi Asha asikie kila neno. Mkaingia karibu nyote. Mpaka wa London, ambao kule hata hakujapambazuka.

Pale nje pana mzee mmoja mwenyeji wa Bustan, Mzee Hamad, ana bakora na kanzu safi. Tukasalimiana kwa Kiarabu, tukaulizana khabari na ulumu, yaani yaliyojiri, kama ada. Nikamwambia natafuta kaburi la mtu aliyekuja kutoka Zanjibar zamani.

"Liko moja tu," akasema. "Lile pale chini ya jabali. Lakini ya khuyi, ndugu yangu, lile ni la..."

"Najua," nikamkata. "La babu yangu."

Akanitazama. Akanipisha njia. Watu wa huku wana adabu, na adabu yake ndiyo iliyoniponza.

Makaburi yetu hayana majina, mnajua. Mawe tu. Nikapiga magoti. Nilihitaji mikono miwili, huu wa juzuu, huu wa machozi, na simu nayo imo mkononi. Nikaona pale katikati ya kaburi pana jiwe limesimama, bapa, zuri. Nikaiegemeza simu pale, ikakaa sawasawa, inanitazama uso. Nikajisemea, subhanallah, Babu kanitengezea.

Nikasoma Yasini. Nikalia. Kisha, kwa vile nnajua kundi zima linanitazama, nikahutubia.

"Babu," nikasema, "simba wa Bustan. Mwanamme wa wanaume. Ewe mwenye ndevu zilizoogopwa bara na pwani. Ewe mwenye mabega mapana. Mjukuu wako nimekuja."

Namsikia Bi Asha analia kwenye simu. Nikazidi. Nikamuomba anigaie uanaume wake japo robo. (Video mnayo. Sina pa kukataa.)

Mzee Hamad akanisubiri mpaka nikapenga kamasi. Ndipo akaniinamia, pole pole:

"Ya khuyi, kaburi hili lina mawe mangapi?"

"Mawili. Kichwani na miguuni."

"Na hilo uliloegemezea simu?"

Watu wangapi nimezika kwa mikono hii. Mwanamme mawe mawili, mwanamke mawe matatu, la tatu katikati. Mtoto mdogo wa huku anajua. Mie nimelifanya meza.

Mara cheko la Bi Zuwena. Nililisikia mara mbili, moja kwenye simu, moja kutoka garini, na honi juu yake maana alikuwa kauangukia usukani. Huku anasema: "Mabega! Kampa mabega!"

Nikanyoosha mkono niizime ile simu. Sauti ya Bi Asha ikatoka:

"Usizime. Muulize ni nani."

Nikamuuliza. Mzee Hamad akakaa juu ya jabali na bakora yake, akanieleza alivyohadithiwa na mamake, aliyepakana nyumba na huyo marehemu.

Ni mwanamke wa Kiunguja, akasema, jina lake Mwanakheri. Mumewe alikuwa mtu wa Bustan, akafia Unguja kabla mtoto hajaota jino. Katika maradhi yake alimwambia, mpeleke mwanangu kwa watu wangu. Akaifunga hati ya safari ya mumewe ndani ya kanga yake, akapanda meli, mtoto mgongoni. Kiarabu hana hata neno. Mutrah karani kamuuliza jina, yeye hafahamu anachoulizwa, akampa ile hati. Karani kanakili alichokiona.

Jamaa wa mume wakampokea mtoto. Yeye wakamwambia, ahsante, meli ya kurudi wiki ijayo. Hakurudi. Alikaa kizingitini pao siku tatu, jua la huku mnalijua, mpaka bibi mmoja wa nyumba ile akamfungulia chumba. Akaishi hapa mpaka kufa. Mwanawe alikwenda Zanjibar, hakurudi tena.

Mwanawe ndiye baba yangu.

Jamaa zangu, mie ni mtu wa maneno, mnanijua. Nilitazama lile kaburi, naona fupi, halizidi urefu wa mtoto wa skuli. Mtu wa kimo hicho kavuka bahari ile peke yake, na maiti ndani ya kanga na roho mgongoni, na mie miaka arubaini nnahadithia sijawahi kumtia hata mstari mmoja. Jina lake sikulijua. Karatasi zote mbili zilikuwa za kweli, na katikati yake alipita yeye, hakuandikwa popote.

Bi Zuwena alikuwa keshateremka garini, kasimama nje ya ukuta. Hacheki tena.

"Kaka Nassor," akasema, "sote tulimtafuta mume."

Kwenye simu Bi Asha kavuta pumzi, nikaogopa. Kisha akasema, sauti kavu kama alivyokuwa akinigombeza utotoni:

"Babu yuko Unguja, kazikwa kule na waliomjua. Baba alikuwa akimtaka mamake asomewe. Rudia Yasini tangu mwanzo, Nassor. Na hiyo simu iondoe juu ya bibi yako."

Nikaiondoa. Nikalifuta lile jiwe kwa kilemba changu. Nikarudia, na Bi Asha anafuatisha aya kwa aya, mpaka mwisho, sauti haikumkatika.

Basi msicheke. Na najua mtacheka. Ila kila mtu kwanza amsomee Mwanakheri Fatiha moja, ndipo aifungue ile video. Bi Zuwena yeye muacheni acheke atakavyo, maana kasoma Yasini mbili, moja kwa ajili ya honi.