Ukuta wa Nyuzi Sabini na Mbili

Jumatatu, 3 Februari

Ukuta wa sebule yangu una joto la nyuzi sabini na mbili! Nimepima mara tatu. Upande wa pili ni tanuri la Sharif, muoka mikate. Miaka minne nimelilalamikia joto lake hapa Frere Town, kumbe ni neema! Joto lichemshe kimiminika, mvuke uzungushe gurudumu, gurudumu lizungushe feni. Swali moja tu: nichemshe nini? Maji hayatakubali, yanataka nyuzi mia. Lakini nimetunza maabara ya shule miaka ishirini na sita. Vimiminika navijua.

Nimechukua neli, vile vibomba vyembamba, za friji bovu kwa Khatibu, fundi wa mafriji ng'ambo ya barabara. Kaniuliza kwa nini nisichomeke feni kwenye soketi. Maskini, hana udadisi.

Jumanne, 4 Februari

Spiriti. Huchemka nyuzi sabini na nane. Nilidhani ukuta utajikaza. Haukujikaza. Nimekodolea neli macho toka alfajiri hadi saa tano. Kimya. Zimepungua nyuzi sita tu! Nikagonga ukuta, nikamwomba Sharif aongeze kuni. Akajibu kwamba yeye anaoka mikate, haoki ukuta.

Jumatano, 5 Februari

Asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha. Hamsini na sita! Nimetoa chupa mbili saluni kwa binti yangu Lynnette. Hajui bado. Imechemka mara moja. Mvuke ukalipiga gurudumu, gurudumu likayumba, likawa uji. Lilikuwa la plastiki, la mashine ya kukaushia nywele (ya Lynnette pia), na asetoni hula plastiki. Nililijua hili! Nimewaonya wanafunzi mara ngapi!

Lynnette kanikuta nakwangua uji huo kwa kijiko. Sasa anajua. Akauliza ingekuwaje cheche ingeruka kutoka kwenye tanuri. Mtoto huyu hupenda kuharibu mazungumzo.

Alhamisi, 6 Februari

Gurudumu jipya, la bati. Amonia ya kusafishia sakafu. Hiyo huamka hata kwa joto la mkono. Ila hula shaba, nami nilifunga bilula ya shaba. Ikageuka buluu. Buluu nzuri ajabu! Nilikuwa bado naishangaa ilipoanza kuvuja. Harufu ikapenya tundu la hewa, ikaingia kwenye unga wa jirani.

Sharif kaja mlangoni na mkate mkononi. "Mama Lynnette, hebu nusa! Wallahi, huu ni mkojo wa paka!"

Nimenusa. Ana haki. Mikate yote ya asubuhi imetupwa. Kasema nikirudia, atajenga ukuta wa pili katikati na joto lake nisilipate tena.

Huyu ndiye aliyeniletea mikate siku arubaini nilipofiwa na mume. Nimeona haya. Nimekaa na haya yangu hadi chai ya saa kumi. Kisha nikaikumbuka gesi ya friji.

Ijumaa, 7 Februari

Khatibu amenieleza jambo. Eti friji ni mashine yangu ikienda kinyumenyume: lenyewe hutumia nguvu kuhamisha joto, mimi natumia joto kupata nguvu. Nimeduwaa! Elimu hii imekaa ng'ambo ya barabara miaka yote! Sikumwonyesha kuwa nimeduwaa.

Baada ya swala kaja na mtungi wa gesi hiyo. Kafungulia. Feni ikazunguka! Sekunde kumi na moja! Kisha neli ikachomoka, ikapiga mluzi, na sapatu yangu ikashika barafu. Barafu, Mombasa, mwezi wa pili! Khatibu kaguna kwamba gesi ile haifai kuachiwa hewani, na kwamba ni nguvu ya mtungi iliyozungusha feni, ukuta haukuhusika. Wivu.

Jumamosi, 8 Februari

Sharif kausikia ule mluzi. Leo kaja na mwashi na utepe wa kupimia. Nimemsihi. Nusura nilie. Aliyenitetea ni Khatibu, nani angedhani! Kamwambia Sharif kwamba mama huyu hana nia mbaya, anataka kujua tu. Sharif kavuta ndevu, kakata shauri: ukuta wa pili hautajengwa, ila kwenye neli zangu nisitie kitu chochote isipokuwa maji. Nimeapa mbele ya mwashi.

Maji! Kimiminika pekee kisichofaa.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani mhubiri kataja Mlima Sinai. Sikusikia yaliyofuata. Niliwaza kwetu Timboroa, maharagwe yanavyochelewa kuiva kwa kuwa maji ya mlimani huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Juu hewa ni haba! Basi nikiipunguza hewa hapa chini, maji yatachemka kwa nyuzi zangu sabini na mbili.

Nimeazima pampu ya Khatibu ya kunyonyea hewa. Mkebe wa rangi, maji nusu, nikaufunga kwenye neli. Nikasikiliza. Yakachemka! Nimeyasikia kwa masikio yangu, bwaba bwaba! Mara PAA! Mkebe ukajikunja kama karatasi, gurudumu likatua kwenye mchuzi wa Lynnette, na Sharif akapiga mayowe upande wa pili.

Kosa ni la mkebe, bati lake jembamba. Nimeona pipa la chuma nyuma ya kanisa, halina mwenyewe. Niliapa kuhusu maji. Kuhusu pipa sikuapa.