Mstari Mwekundu wa Nyametease

Siku halmashauri ya Abotsiman iliporusha droni yake ya kwanza juu ya vilima vya Nyametease, Okantey alikuwa kivulini mwa ukuta wa tajiri, anakula kenkey, donge la unga wa mahindi, na samaki wa kukaanga, hana kazi wala haraka ya kuipata. Kidude kilizunguka, kikapiga picha za kuchorea ramani ya barabara mpya ya mchepuko, kikaondoka. Okantey hakukitazama. Aliwatazama wenye nyumba. Watu wazima wenye vitambi na vyeo walitoka vibarazani, wakakodoa macho angani kama vifaranga walioona kivuli cha mwewe.

"Kumbe na hawa wanaogopa," akajisemea, akalamba vidole.

Ugunduzi huo haukuwa mdogo. Kule Bonde la Ayikwei, alikozaliwa Okantey, rangi nyekundu ya halmashauri ni jamaa wa ukoo. Iliandikwa kwenye kuta mwaka wa mafuriko, ikaandikwa tena mwaka wa wageni wa heshima, na mara zote buldoza lilifika kabla rangi haijakauka. Bonde halijasahau hata ukuta mmoja. Nyametease, iliyojengwa juu ya mkondo wa maji kwa vibali vya kununua, haikuwahi kuona brashi.

Okantey akatafuta kompyuta ya mkono wa pili, programu ya kuchorea ramani iliyonakiliwa sokoni, na kizibao cha kung'aa. Kwa kizibao kile mtu huingia hata ikulu akaulizwa tu kama anakunywa chai. Katika programu alijifunza mambo mawili: kuchora mstari na kuusogeza. Akaanza na Bwana Frempong, mwagizaji wa vigae.

"Mzee, samahani kukuharibia chakula. Barabara ya mchepuko inapita hapa."

"Hapa wapi?"

"Sebuleni. Pale kwenye runinga."

Frempong akainamia kioo cha kompyuta. Mstari mwekundu uliingia getini, ukakata bwawa la kuogelea, ukapita sebuleni na kutokea jikoni bila kubisha hodi.

"Hii ni nyumba ya mtu, kijana, si uwanja wa mpira."

"Kompyuta haijui sebule, Mzee. Inajua mteremko na njia fupi."

"Na wewe unajua nini?"

Okantey akainamisha kichwa kwa huzuni ya mtu anayeshawishiwa kutenda dhambi. "Mimi najua kipanya kilipo."

Bahasha ikatoka chumbani. Mstari ukahamia kwa jirani, jirani akatembelewa kesho yake, naye akausukuma kwa anayefuata. Kila mlipaji alipewa ramani iliyochapwa, yenye rangi nzuri. Hivyo barabara ikashuka mlima ukuta kwa ukuta, kama mgeni anayekataliwa malazi, mpaka ikalala Bonde la Ayikwei. Pale ramani ilionyesha kijani kitupu, kwa sababu halmashauri huchora nyumba zenye hati tu. Chini ya kijani hicho kulikuwa na shule, msikiti, bomba la maji, na nyumba ya Naa Shormeh, shangazi aliyemlea Okantey kwa biashara ya samaki wa moshi. Okantey hakusita. Mstari wa uongo haubomoi nyumba.

Alichosahau ni shukrani. Mtu wa kwetu akitendewa jema, asubuhi yake huenda kushukuru, tena hamshukuru aliyetumwa, humshukuru mkubwa wake. Bwana Frempong alikuwa mlafi, lakini alilelewa vizuri. Akafunga kondoo dume nyuma ya gari, akaongozana na majirani mpaka ofisini kwa Mills-Addo, mkurugenzi wa mipango miji.

Mills-Addo hakujua anashukuriwa kwa lipi. Lakini katika utumishi wake wote alikuwa hajawahi kumkataa kondoo.

"Nimefanya wajibu wangu tu," akasema. "Hebu nikumbusheni, wajibu upi?"

Wakamkumbusha, wakamwonyesha na ramani zao. Mkurugenzi akazitazama kwa muda mrefu. Programu yake halali, ya bei ya kutisha, ilikuwa imeshindwa kumpatia njia isiyopingwa na mkubwa yeyote. Sasa njia ilikuwa mezani, na wakubwa wenyewe wameileta wakicheka.

Okantey akaitwa. Alikwenda akijiandaa kwa pingu, akapewa kiti.

"Kaa, Injinia. Nasikia unafanya kazi kwangu."

"Bosi, ilikuwa…"

"Ilikuwa kazi safi. Barabara itapita ulipoiweka. Vijana wa rangi wanashuka bondeni keshokutwa."

"Bosi, pale wanaishi watu."

"Kwenye ramani hawapo."

"Hawapo kwa sababu hamkuwachora."

"Na wewe uliwachora?"

Okantey akatazama viatu vyake. Vilikuwa vipya.

"Mstari si unasogea?" akauliza mwishowe.

"Unasogea. Sote tunajua unavyosogea."

Okantey akauacha mkoba wake wote mezani, bahasha za Nyametease zikiwa na majina ya wenyewe. Mkurugenzi akausukuma mstari kidogo, nyumba ya Naa Shormeh ikapona.

"Lakini hapo umeuweka msikitini, Bosi. Na bombani."

"Una bahasha nyingine?"

Hakuwa nayo.

Naa Shormeh alimsikiliza mpaka mwisho huku akigeuza samaki juu ya moshi. "Kwa hiyo umeuza mtaa mzima, ukanibakizia kitanda."

"Pesa zimekwisha, Shangazi."

"Nani kakuuliza pesa? Hawa walionisaidia kukulea watalala wapi?"

Okantey akakaa kando ya moto, macho yakimtoka machozi. Alisema ni moshi. Baada ya muda akainua kichwa.

"Shangazi, wenzako wana nguo nyeupe?"

"Nguo za furaha? Nani kazaliwa?"

"Hakuna. Kesho tunakwenda kumshukuru Mkurugenzi. Ametuondolea barabara."

"Ametuondolea lini?"

"Kesho, tukishamshukuru."

Naa Shormeh akamwita jirani.

Asubuhi bonde zima lilifika halmashauri limevaa nyeupe, na ngoma, na mbuzi mwenye utepe shingoni. Redio ya wilaya, iliyodokezwa na Okantey, ilikuwa tayari imeweka kipaza sauti, na ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Mills-Addo akatoka kuona sherehe ya nani. Naa Shormeh akapiga goti.

"Tumekuja kumshukuru baba huyu. Hakutaka hata sarafu ya pesewa. Ametuambia barabara haitagusa hata kibanda kimoja cha Bonde la Ayikwei. Kama tumesema uongo, atukanushe mbele ya taifa."

Ngoma zikanyamaza. Kipaza sauti kikasogea mdomoni kwa Mkurugenzi. Akawatazama wapiga kura, akamtazama mbuzi, akamwona Okantey nyuma ya wanawake, amejifunga shuka jeupe kama malaika asiye na kazi.

"Nimefanya wajibu wangu tu," akasema, akapokea kamba ya mbuzi.

"Basi itapita wapi, Mkurugenzi?" mtangazaji akauliza.

Mills-Addo akamvuta mbuzi karibu. "Kompyuta imependekeza njia fupi."

Wiki ile simu ya Okantey ikalia. Alikuwa amebeba kapu la samaki kichwani, kazi aliyopewa na shangazi yake bila mshahara.

"Injinia," alisema Bwana Frempong, sauti imekauka, "getini kwangu kuna watu wana brashi."

"Pole sana, Mzee," akajibu Okantey. "Mimi nimehamishwa idara."